Bibi Harusi Aliyelishwa Kuku Wakati wa Baridi

Hebu kwanza kishusheni hicho kipima joto. Ndiyo, hicho hicho mlichokitundika ukutani sawasawa na macho yenu ili msiumize shingo mkikisoma. Nyoka wenu analala sakafuni. Mnapima joto la pua zenu, kisha mnakaa mkishangaa kwa nini jike hamtaki dume. Kitoeni, kiwekeni chini pale tumbo lake linapogusa ubao, halafu ndiyo tuzungumze.

Msininunie. Nawatania kwa sababu na mimi nilikitundika pale pale, msimu wangu wa kwanza, mwaka 2012. Mwezi mzima nilikuwa nikiandika kwenye daftari joto la mahali ambapo nyoka hakuwahi kufika hata siku moja. Nilikuwa mwanamke mzima, mjane, nina wajukuu wawili, na bado haikunijia akilini kwamba chatu haishi ukutani.

Sasa nimestaafu. Magoti yangu yalikataa kuchuchumaa, na kazi ya nyoka asilimia kubwa ni kuchuchumaa. Nimerudi Kibondo kwetu, nakaa kibarazani, na mara mbili tatu mmekuja kuniuliza namna ya kuwaandaa nyoka wa kufugwa ili wazae. Kila nikieleza, mmoja wenu anaandika kwenye simu na mwingine anapiga picha paka wangu. Basi nimeamua kuandika mwenyewe.

Banda langu lilikuwa Kasulu mjini, nyuma ya nyumba ya Mzee Athumani. Huyu alikuwa muuza kanga na vitenge, mtu wa Tanga kwa asili, mpole, na mwoga wa nyoka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nyoka hawakuwa wake. Walikuwa wa mdogo wake, marehemu, ambaye aliomba kibali cha serikali cha kufuga na kuzalisha chatu, akafariki kabla hawajataga hata yai moja. Mzee Athumani akarithi chatu wawili, jike na dume, pamoja na makaratasi yao. Hakuweza kuwauza, hakuweza kuwatupa, na hakuweza kuingia bandani. Alikuwa akisimama mlangoni ameshika kanzu juu ya vifundo vya miguu, kama mtu anayevuka tope, na kutoka hapo anauliza, "Wazima?"

Aliwaomba watu wengi wamfanyie kazi, wote wakakimbia. Mwishoni akaja kwangu. Mimi wakati ule nilikuwa naivisha ndizi za pombe kwenye shimo, kazi niliyofundishwa na mama yangu.

"Mama Sesilia," akaniambia, "pombe yako mimi sitaiulizia. Lakini nasikia ndizi zako haziungui wala hazibaki mbichi."

"Ni kweli."

"Basi wewe unajua joto. Marehemu alikuwa akisema kazi ya nyoka yote ni joto. Njoo unisaidie, mwanangu."

Nikaenda. Siwezi kuwadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Siku ya kwanza nilifungua kasha la jike, akainua kichwa, akanitazama polepole kuanzia kilemba hadi kandambili, kama shangazi aliyekuja kukagua mke wa mpwa wake. Nikamwita Shangazi tangu siku ile. Dume nilimwita Karani, kwa sababu alikuwa mwembamba na hakuwa na haraka ya kufanya jambo lolote.

Wanawake wa mtaani hawakunifukuza. Waliendelea kunisalimia, "Mwakeye, Mama Sesilia," wakipiga makofi kama adabu inavyotaka. Ila hakuna aliyekunywa maji kwangu tena. Waliona mkono ulioshika nyoka hauwezi kushika kata ya maji. Hata jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Anjelina, aliyenisaidia kuzaa mtoto wangu wa mwisho, akawa anakuja na kikombe chake mwenyewe cha plastiki, cha bluu. Anakaa, tunacheka, tunasengenya, namimina chai kwenye kikombe chake cha bluu, anamaliza, anakisuuza kwake. Niliumia sana. Sikumwambia, lakini niliumia.

Haya, kazi sasa. Chatu hapandani na mwenzake eti kwa kuwa tu mmewakutanisha. Ukiwaweka pamoja tu, watakaa kama abiria wawili wasiojuana. Mwili wake unasubiri majira. Huku kwetu mvua za masika zikiisha, mwezi wa sita na wa saba, usiku unakuwa wa baridi kweli, mchana jua linawaka. Ile baridi ya usiku ndiyo inayomwambia wakati umefika. Akifugwa ndani ya kasha lenye joto moja mwaka mzima, haambiwi kitu. Kwa hiyo mfugaji anamletea majira ndani ya banda.

Mimi, kwa akili zangu za 2012, nilisikia neno baridi nikafungua madirisha yote siku moja. Baada ya wiki Karani akawa anapumua mdomo wazi, mapovu yanamtoka puani. Mafua. Nyoka anaugua mafua, vijana, na hana leso.

Aliyeniokoa alikuwa Papa Dido. Huyu alikuwa mkimbizi Mkongomani katika kambi ya Nyarugusu. Kwao alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya kuonyeshea wanyama, upande wa nyoka, kabla ya vita kumleta huku. Nilikuwa nikienda soko la kambini kununua sabuni na dagaa, naye alikuwa akishona viatu pale pale sokoni. Alinisikia nikimlalamikia muuza dagaa juu ya nyoka mwenye mafua, akaweka kiatu chini.

"Mama, weye unataka kuua ile nyoka? Baridi inaingiaka polepole. Doucement. Weye ulifungua mulango yote, sawa vile mwizi amepita."

Aliniambia nimrudishie Karani joto hadi apone, na nisahau habari ya kuzaa kwa mwaka ule. Halafu akanifundisha, kila siku ya soko kidogo kidogo, huku sindano yake ikipita kwenye ngozi. Msimu wa mvua, mlishe jike vizuri, anenepe, upapase mgongo wake usisikie mfupa uliochongoka. Mayai yanatoka kwenye mafuta yake, na akishataga hatakula. Lakini kabla ya baridi, acha kabisa kumlisha. Wiki mbili tatu, zaidi ikibidi, maji tu. Usiangalie kalenda, angalia choo. Akishapata choo cha mwisho, chenye ule weupe kama chokaa, na tumbo limekuwa tambarare, hapo ndiyo uanze kupunguza joto.

"Kama iko na chakula mu tumbo na baridi inaingia, ile chakula itaoza mule ndani," akasema. "Nyoka haina moto yake mwenyewe. Moto yake njo jua. Bila moto, tumbo haitumikake. Itakufa, Mama. Vraiment, kweli, itakufa."

Nilirudi Kasulu nikatunga njia yangu. Dirisha la banda lilikuwa na wavu. Nikaning'iniza magunia sita juu yake, na kila baada ya siku tatu naondoa moja. Kipima joto kikiwa sakafuni, safari hii, nilitaka mchana nyuzi ishirini na nane na usiku zisishuke chini ya ishirini na moja. Baada ya majuma sita hivi nayarudisha magunia, moja moja. Hakuna umeme ndani ya njia hiyo, na Kasulu ile ya umeme wa kuja na kuondoka ilinifaa sana. Ninyi mna vifaa vinavyojiwasha vyenyewe. Vizuri. Umeme ukikatika, kumbukeni magunia ya bibi.

Mwaka 2013, mwezi wa tano, afisa wa wanyamapori alikuja. Kijana wa Dodoma, suruali imenyooka, adabu nyingi. Aliwatazama chatu, akasoma kibali, akakuna kidevu.

"Mama, kibali hiki ni cha kuzalisha. Mwaka wa nne sasa hakuna kilichozalishwa. Hili si gereza la nyoka."

"Baba, tupe msimu huu mmoja."

"Nawapa hadi Desemba. Nikija Desemba sijakuta mayai wala watoto, nitakuja na makreti, niwachukue, na banda lifungwe. Mimi ni mtumishi tu, Mama yangu."

Mzee Athumani, mlangoni, akaiachia kanzu ikagusa vumbi. Nilidhani atafurahi kuondokewa na wale nyoka. Kumbe ni kitu cha mwisho cha mdogo wake kilichokuwa bado kinapumua. Na mimi nilikuwa nimeshampenda Shangazi. Cheka ukitaka. Nilimpenda, na niliogopa Desemba.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu makosa ya kipima joto na mafua yalikuwa madogo.

Mzee Athumani, kwa mila za kwao pwani, alianza kumwita Shangazi mwali. Kila mteja akiingia dukani kununua kitenge anaambiwa, "Kuna mwali kawekwa ndani huko nyuma. Haonekani mpaka siku yake." Watu wakacheka, na mimi nikalipenda lile jambo. Nilijua limewafanya wanawake waache kunong'ona neno uchawi na waanze kutania. Nikazidisha. Nikawa nasema kisimani kwamba bibi harusi wangu ataolewa na Karani mwezi wa saba, mahari bado tunajadiliana.

Mwezi wa sita, Shangazi akiwa wiki ya nne bila kula, choo cha mwisho ameshapata, gunia la tatu limeshaondoka, nikapata ujumbe kwamba binti ya dada yangu anaolewa Kibondo. Ilinipasa kwenda, siku tano. Nikamwomba Mama Anjelina aniangalizie banda. Hakuwa na haja ya kufungua kasha. Kubadilisha maji kwa kupitia kidirisha kidogo cha mbele, na siku ya tatu kuondoa gunia moja, basi.

"Na chakula?" akauliza.

"Hali. Wiki nne sasa hajala."

"Yoo! Wiki nne! Na mnasema ni bibi harusi?"

"Ndiyo hivyo. Namfungisha." Nikacheka, nikapanda gari.

Mnaona? Nilimwambia afanye nini. Sikumwambia kwa nini. Ningemweleza yale ya tumbo na moto, maneno ambayo Papa Dido alinieleza kwa dakika tano, angeelewa kuliko mimi, maana ni mwanamke aliyelea watoto saba. Badala yake nilimwachia utani.

Na kwetu, bibi harusi hatoki kwao na njaa. Wanawake humletea vyakula, humlisha, humpaka mafuta, aende akiwa amejaa na anang'aa. Bibi harusi akionekana mbavu, aibu si yake, ni ya majirani. Mama Anjelina akakaa siku mbili akilisikia jambo hili likimkereketa. Siku ya tatu akachinja kuku.

Mimi nimefika kutoka Kibondo asubuhi, nimeshiba pilau la harusi, namkuta Mama Anjelina ananisubiri mlangoni kwangu na tabasamu la mtu aliyetenda wema.

"Mwenzangu," akasema, "nimekusitiri."

"Umenisitiri nini?"

"Bibi harusi wako amekula. Nilifumba macho, nikasukuma kwa mti kupitia kile kidirisha. Nikasikia tu puu! Nikakimbia. Nimempa wawili. Mmoja wa kwake, mmoja wa safari."

"Kuku wawili?"

"Tena nimewanyonyoa. Nikawatia maji ya moto wapate uvuguvugu. Mtu hampi bibi harusi kuku wa manyoya!"

Nawaambia, nilikaa chini pale pale nilipokuwa. Hakuwatia chumvi, hilo namshukuru. Nilikwenda bandani. Shangazi amejikunja, katikati kavimba mara mbili, na nilipompapasa alikuwa wa baridi kama mtungi. Usiku ule na uliotangulia ulikuwa wa baridi kuliko yote ya mwezi ule, na gunia la nne alikuwa ameliondoa kwa utiifu kabisa, kama nilivyoagiza.

Nilimpigia kelele Mama Anjelina. Naungama. Nilimwita majina ambayo siyaandiki. Nikamwambia amemuua nyoka, na amelifunga banda. Hapo ndipo nilipomweleza kwa nini, nikilia, kwa sauti ya juu, wakati ambao haukuwa na faida tena. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaondoka, nikadhani ndiyo basi, hata na kikombe chake cha bluu sitakiona tena.

Alirudi na jembe.

"Sema tufanye nini," akasema.

Nikafikiri. Shangazi alihitaji joto la usiku na mchana, lisilokatika, hadi kuku wale wayeyuke. Umeme ulikuwa haupo tangu juzi. Jiko la mkaa ndani ya banda lingemwua kwa moshi kabla ya kuku. Nikatazama ng'ambo, nyuma ya nyumba yangu iliyopakana na ua wa Mzee Athumani, nikaliona shimo langu la kuivishia ndizi.

Mama yangu alinifundisha hivi. Washa moto shimoni hadi udongo wenyewe ushike joto. Toa moto wote, toa majivu. Rudisha udongo mkavu kiasi cha kiganja kimoja, tandika majani makavu ya mgomba. Kisha weka kiganja juu na useme Baba Yetu. Ukilazimika kuuondoa mkono kabla ya mkate wetu wa kila siku, ni moto mno, ndizi zitaungua. Ukifika Amina na mkono unataka kubaki, hapo sawa. Ukimaliza na Salamu Maria tatu juu yake bila kusikia kitu, washa upya.

Tukachimba na shimo la pili ili moja likipoa jingine liwe tayari. Ilibaki kulihamisha kasha. Kasha la mbao ngumu, na ndani yake nyoka mwenye kuku wawili. Mimi pembe moja, Mama Anjelina ya pili na ya tatu kwa kadiri ya mikono yake, ya nne hakuna mtu. Tukamwita Mzee Athumani. Alisimama mlangoni, mahali pake pa siku zote, akalitazama lile kasha muda mrefu. Kisha akaifunga kanzu kiunoni, akaingia. Ndiyo mara yake ya kwanza kuvuka kile kizingiti.

"Amegeukia wapi kichwa?" akauliza.

"Upande wangu," nikasema. Nilidanganya. Kilikuwa upande wake.

Siku nane tulifanya kazi ile. Kasha juu ya shimo, magunia yote sita kulizunguka, asubuhi shimo hili, jioni lile. Mama Anjelina ndiye aliyetunza moto. Mwanamke aliyekuwa akipita mbali na banda langu alikuwa sasa anapiga magoti kando ya kasha, kiganja juu ya udongo, anasema Baba Yetu, na Shangazi amelala nyuma ya wavu kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye uso wake. Mzee Athumani naye alitaka kusaidia kupima. Akaniuliza asome nini, maana Baba Yetu si yake. Tukajaribu, tukakuta Alhamdu na Kulhuwallahu mbili kwa mwendo wake wa taratibu zinafikia pale pale. Niliweka na kipima joto pembeni, kwa ajili yenu mnaopenda tarakimu: kilikuwa kinasoma thelathini na moja, thelathini na mbili, kila tulipofika mwisho wa dua, yake au yetu.

Siku ya tisa asubuhi Mama Anjelina alinipigia ukelele kutoka nyuma. Nilitoka mbio nikijua Shangazi amekufa. Nikamkuta jirani yangu amesimama, anaonyesha kwa kijiti ndani ya kasha, machozi yanamtoka.

"Amekunya," akasema. "Mana yanje, Mungu wangu, amekunya!"

Tukakumbatiana juu ya kile choo. Nimelea watoto watano, sijawahi kufurahia choo cha yeyote kati yao namna ile.

Nilikwenda Nyarugusu nikamweleza Papa Dido kila kitu. Alicheka hadi akajichoma sindano. Alipomaliza akasema nisikate tamaa, nianze upya mfungo, na baridi ya Agosti, ingawa imechoka, bado ni baridi. Na mvua ya kwanza ikishuka, nisizibe dirisha, niache ubaridi wake uingie, kwa kuwa chatu anaisikia mvua hata kabla yetu. "Baridi haijaisha, Mama. Weye njo uliyechelewa, si yeye."

Basi tukafunga tena. Safari hii Mama Anjelina ndiye aliyekuwa mkali. Mtoto akipita na andazi karibu na banda anafukuzwa. Mwisho wa Agosti nikamwingiza Karani kwenye kasha, watu wawili tukiwa tumesimama tayari, maana chatu mkubwa hafunguliwi na mtu mmoja, hata kama mnajuana naye miaka kumi. Hilo lisikieni bila utani. Siku nyingi walikaa kama nilivyosema, abiria wawili. Septemba mvua ya kwanza ikapiga bati, ubaridi ukaingia dirishani. Kesho yake asubuhi mikia yao ilikuwa imesokotana. Nikageuza uso, nikamwita Mzee Athumani, naye akachungulia, akasema, "Mashallah," akageuza uso pia.

Mwezi wa kumi Shangazi akaanza kulala tumbo juu, kitu ambacho kingenitisha kama Papa Dido hangeniambia ni dalili njema. Mwezi wa kumi na moja akavua ngozi. Tukamwekea sanduku la majani makavu, tukamwacha. Nikawa nachungulia mara moja tu kwa siku. Alikuwa amejikunja, kichwa juu, hajisogezi.

Afisa akaja Desemba, asubuhi, kama alivyoahidi. Nyuma ya gari makreti mawili, matupu, na kamba. Alisalimia watu wote, hata Mama Anjelina aliyesimama mlangoni mikono kiunoni. Akaingia, akachuchumaa mbele ya sanduku.

"Naona nyoka tu, Mama."

"Tulia, Baba. Tulia hapo hapo."

Aliwasha tochi. Akatulia. Mimi nikahesabu moyoni, sijui nilikuwa nahesabu nini. Shangazi akavuta pumzi, mikunjo yake ikaachana kidogo sana, na kati ya mkunjo na mkunjo kikaonekana cheupe. Kisha kingine. Afisa akasogea hadi goti lake likagusa chini, suruali ile iliyonyooka.

"Ni mangapi?" akauliza, kwa kunong'ona, kama mtu aliye wodini.

"Kamuulize mwenyewe," akasema Mama Anjelina kutoka mlangoni.

Kijana akacheka. Akaandika kwenye daftari lake, akaaga, akaondoka na makreti yake matupu. Mzee Athumani aliingia baada ya gari kuondoka, akachuchumaa palepale afisa alipokuwa, peke yake. Nikamsikia anamwambia marehemu mdogo wake jambo, sikutega sikio.

Machi watoto wakatoka, wanang'aa. Mwaka huo huo, 2014, Shangazi alitaga tena, na 2015 tena, kwa magunia yale yale, bila shimo na bila kuku. Mtaniuliza njia hizo, nimeshawaandikia. Kama mtasahau yote, msisahau kumweleza kwa nini yule mnayemwachia funguo. Mimi nimebakiza kuwaambia jambo moja la siku ile ya afisa.

Mchana ule nilikuwa nimekaa mlangoni pa banda. Mama Anjelina akaja na sufuria ya uji wa ulezi, mzito, wa maziwa, ule tunaompikia mwanamke aliyejifungua. Akaiweka sufuria mbele ya mlango.

"Wa mzazi," akasema.

"Mwenzangu, haya mambo tumeshayazungumza. Akiwa juu ya mayai hali, hadi yaanguliwe. Miezi mitatu."

"Najua. Kwani nimesema nimempikia nyoka?"

Nikaingia ndani nikaleta kikombe changu cha bati, nikajimiminia, nikanywa. Ulikuwa mtamu. Nikamwuliza kikombe chake kiko wapi, nimmiminie na yeye. Akatazama mikono yake mitupu, kisha akanitazama mimi kama vile nimeuliza swali la kijinga.

"Lete hicho," akasema, "uji unapoa." Akanichukulia kikombe changu, akanywa hadi chini, akanirudishia nimjazie tena.